Wei, Shu, Wu na Ihangiro

Mwezi Mei 2025 gemu la Age of Empires II lilipata nyongeza iitwayo The Three Kingdoms, na kwa majuma kadhaa wachezaji wake wakagombana kama ndugu wanaogawana kibanja. Gemu lenyewe ni kongwe, la mwaka 1999, na ukitaka kujua kwa nini watu wazima wanalililia, kaa nalo usiku mmoja tu. Unaanza na wanakijiji wachache, unakata miti, unachunga kondoo, unachimba dhahabu, unapanda kutoka enzi moja hadi nyingine mpaka ya nne, kisha unamvunjia mwenzako ngome zake. Kabla ya hayo yote unachagua wewe ni nani: Mfranki, Mmongolia, Mhabeshi, Mmali. Kila chaguo linaitwa ustaarabu, na neno hilo ndilo lililoleta ugomvi.

Nyongeza ilileta staarabu tano, zote za upande wa China. Mbili hakuna aliyezilalamikia kuwemo: Wakhitani, waliojenga dola ya Liao (907–1125), na Wajurcheni, waliowaangusha na kusimamisha dola ya Jin. Wakhitani ni watu wa jina kubwa. Warusi mpaka leo wanaiita China kwa jina lao, Kitai. Tatu zilizobaki zilikuwa Wei, Shu na Wu, falme zilizogawana China baada ya dola ya Han kusambaratika, kati ya mwaka 220 na 280.

Malalamiko yakaja kwa mafungu. Wengine walisema gemu hili ni la zama za kati, linaanza Roma inapoanguka, sasa karne ya tatu inatafuta nini humu? Tena mwaka 2024 watengenezaji walikuwa wametenga chumba maalumu, Chronicles, kwa ajili ya Ugiriki ya kale. Si wangeziweka huko? Wengine wakasema Wei, Shu na Wu si mataifa matatu. Ni Wachina haohao waliokosana, na Wachina wamo tangu 1999. Wengine waliudhiwa na mashujaa: Cao Cao, Liu Bei na Sun Jian sasa wanaweza kuitwa uwanjani hata katika mechi za kushindania daraja, wakati zamani shujaa mwenye jina alikaa kwenye kampeni za hadithi. Na kampeni zenyewe zote tatu zilikwenda kwa falme hizo. Wakhitani na Wajurcheni hawakupata hata moja.

Nianze na fungu la kwanza, kwa sababu ndilo lililopiga kelele zaidi na ndilo dhaifu zaidi. Askari maalumu wa Wachina katika gemu hili, tangu siku ya kwanza, ni Chu Ko Nu, mpiga upinde wa kufyatua mishale mfululizo. Jina hilo limetokana na Zhuge Liang, waziri mkuu wa Shu, aliyefariki mwaka 234. Kwa hiyo mchezaji anayeapa kwamba Shu haina nafasi humu amekuwa akiwaagiza watu wa Shu vitani kwa zaidi ya miaka 25 bila kukohoa. Attila naye, aliyekufa mwaka 453, yumo tangu 2000. Mpaka wa zama katika gemu hili ni uzio wa matete; mbuzi wanapita wanavyotaka.

Kuna jambo jingine ambalo sikuona likipewa uzito unaostahili. Cao Cao na Liu Bei wanaojulikana na dunia hawakutoka moja kwa moja karne ya tatu. Wametoka kwenye riwaya ambayo kwa kawaida inahusishwa na Luo Guanzhong, wa karne ya 14. Yaani ni Wachina wa zama za kati hasa, zama zilezile za gemu, walioketi wakawakumbuka wakubwa wao wa miaka elfu moja nyuma na kuwapa sura tunazozijua: Liu Bei mwema, Cao Cao mjanja, Zhuge Liang asiyeshindwa kwa akili. Kumbukumbu ya zama za kati ni mali ya zama za kati. Hoja ya kuitetea nyongeza hii ilikuwepo mezani, nzima. Watengenezaji hawakuiokota.

Sisi wa Kagera tuna sababu ya kulielewa hili haraka. Kule Katuruka, upande wa Maruku karibu na Bukoba, wazee walisimulia kwamba Omukama Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufikia mbinguni, na mnara ukaanguka. Mahali hapo palikuwa na mti mtakatifu, Kaiija. Mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, aliyafuata masimulizi hayo, akachimba mwaka 1970. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma kweli. Ila Rugomora anakadiriwa kuwa wa karne ya 17, na mkaa uliochimbwa pale ulipopimwa ulitoa tarehe za zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Watu wa baadaye walikuwa wameichukua kazi ya mababu wa mbali, wakaifunga kwenye jina la mfalme waliyemjua. Mtu anaweza kusema wazee walikosea. Mimi nasema walihifadhi mahali, wakahifadhi chuma, wakabadilisha mwenye nyumba tu. (Na kama swali ni nani alikuwa akifanya nini kati ya 220 na 280: uyeyushaji wa chuma katika mwambao huu wa ziwa ulikuwa tayari na umri wa karne kadhaa.)

Kwa hiyo sina ugomvi na hadithi kuingia kwenye gemu. Nina ugomvi na hadithi inayoingia imevaa kanzu ya historia. Sun Jian, anayeongoza jeshi la Wu, aliuawa mwaka 191, miaka thelathini hivi kabla Wu haijawa ufalme. Cao Cao alikufa mapema mwaka 220. Wei ilitangazwa na mwanawe mwishoni mwa mwaka huohuo. Wawili kati ya mashujaa watatu wanaziongoza dola ambazo hawakuishi kuziona. Katika riwaya hilo halisumbui, kwa kuwa riwaya inasimulia koo na viapo. Kwenye kitufe cha ngome kinachosema “funza Sun Jian”, halafu anatoka na nguvu za kuwasaidia askari wenzake, linakuwa jambo jingine. Mwaka 2019 gemu la Total War: Three Kingdoms lilishakabiliana na tatizo hilo kwa ustaarabu, na hapa natumia neno kwa maana yake nzuri: lilimpa mchezaji njia mbili, moja ya riwaya, ambamo majenerali ni kama majitu, na nyingine ya kumbukumbu za kihistoria, ambamo jenerali ni binadamu mwenye walinzi wake. Uamuzi ukaachiwa mchezaji, naye akajua anachochagua. Hapa hakuambiwa kitu.

Sasa fungu linalotuhusu sana: je, ufalme ni ustaarabu?

Bibi yangu alizaliwa Ihangiro, nchi ambayo leo ramani inaiita Wilaya ya Muleba. Ukimwita Mhaya anaitikia, lakini ukimuuliza vizuri atakwambia yeye si Muziba, na atalisema hilo kana kwamba umemtuhumu. Kiziba ilitawaliwa na Ababito, wenye undugu na watawala wa Bunyoro. Ihangiro ilikuwa ya Abahinda, na kadhalika Karagwe. Kulikuwa na Kihanja, Kyamutwara, Bugabo, Missenyi, kila mmoja na Omukama wake, ngoma zake na kinyongo chake. Wajerumani walipofika walimpendelea Kahigi wa Kihanja, na majirani zake walilipia upendeleo huo kwa ardhi. Jina “Wahaya” kama kapu moja la kutuweka sote lilipata nguvu lililonayo chini ya utawala wa kigeni, ambao ulihitaji kuhesabu watu kwa urahisi. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ikafuta utawala wa machifu. Bibi hakufutika.

Kwa hiyo ninaposikia mchezaji akisema kwa uhakika kwamba Wei, Shu na Wu “ni watu wamoja tu”, natamani kumuuliza kipimo alichotumia. Lugha? Basi Ihangiro na Kiziba ni kitu kimoja, kamwambie bibi. Dola? Basi Shu ni halali kabisa, ilikuwa na mfalme, kodi na jeshi. Gemu hili halijawahi kuwa na kipimo. Lina Wamongolia, jina la watu; lina Wabizanti, jina ambalo wenyewe hawakulitumia, maana walijiita Warumi; na tangu 2023 lina Warumi pia, kana kwamba ni watu wengine.

Hata hivyo wachezaji walikuwa na haki katika uchungu wao, hata kama hoja zao zilipinda. Kwa miaka mingi waliomba Watanguti, waliokuwa na dola yao ya Xia Magharibi kuanzia 1038 na mwandiko wao wenyewe, mpaka Wamongolia walipoifuta mwaka 1227. Waliomba Watibeti. Viti vitatu vilipopatikana, vikapewa falme ambazo tayari zina riwaya, filamu na magemu tangu miaka ya 1980. Aliyekwisha kusimuliwa akasimuliwa tena. Hilo ndilo kosa, na kelele kuhusu mwaka 476 zililifunika.

Tunalijua kosa hilo kutoka pwani yetu. Mwaka 2015 nyongeza ya The African Kingdoms ilileta Wahabeshi, Wamali, Waberiberi na, ndiyo, Wareno. Waswahili hawakuwemo, wala hawakuwa wamepatikana hadi nyongeza hii ya 2025 ilipotoka. Kilwa iliyotengeneza sarafu zake yenyewe, Kilwa ambayo Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331, inaonekana humo kama kituo cha safari ya mtu mwingine: katika kampeni ya Francisco de Almeida unawaongoza Wareno, wale walioivamia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Kijana wa Kitanzania anayetaka kuiona pwani yake katika gemu hili analazimika kufika nayo kwa meli ya mizinga.

Binamu yangu, yuko kidato cha tano, hana subira na nadharia zangu. Yeye anakwenda kwenye sehemu ya gemu inayomruhusu mchezaji kuchora ramani yake mwenyewe. Likizo ya Juni alinionyesha aliyoichora Muleba, usiku, bando lilipokwisha na hakuna mtu wa kucheza naye: ziwa upande wa mashariki, milima, migomba ambayo kwa kweli ni minazi kwa kuwa migomba haipo. Kusini aliweka Ihangiro, kaskazini Kiziba. Zote mbili alizipa Wahabeshi, kwani hao ndio walio karibu zaidi nasi katika orodha. Akabofya askari wa Omukama wa Ihangiro, naye akaitikia kwa Kiamhari. Nikamuuliza mtu atajuaje nani ni nani.

“Rangi,” akasema. “Sisi ni bluu.”