Poda isiyo na sukari: Amouage Gold katika kiangazi cha Shinyanga

Poda yenyewe karibu haina harufu. Kinachonukia ni manukato yaliyotiwa ndani yake, na kwa muda mrefu viwanda vya Ulaya viliyapata kwenye mzizi wa airisi na kwenye harufu ya ua la vayoleti. Kwa hiyo marashi yakikupa poda, ujue mtunzi hakutia poda. Ameiamsha kumbukumbu ya pua kwa vitu vingine kabisa.

Kazi hiyo Guy Robert aliifanya kwa ustadi mkubwa. Mfaransa huyu alikwisha kutunga marashi ya Madame Rochas mwaka 1960 na Calèche mwaka 1961. Amouage, kampuni ya marashi ya Oman, ilipoanzishwa mwaka 1983, kwa matakwa ya Sultan Qaboos, yeye ndiye aliyetunga Gold. Hapa nazungumzia ya kike, ambayo nimeivaa kati ya Shinyanga mjini, Kahama na Geita, kwenye ukanda wa dhahabu halisi.

Mwanzo wake ni aldehaidi, kemikali zilezile zilizoipa sifa Chanel No. 5 ya mwaka 1921. Zinanukia kama shuka nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni ya mche, ikapigwa pasi ingali na unyevu. Septemba, jua la Shinyanga linazifukuza mapema. Pua nayo ikikauka husikia kidogo, kwa sababu harufu lazima iyeyuke kwanza kwenye ute wa ndani. Unadhani marashi yameisha, kumbe jirani yako kwenye basi bado anayapata vizuri sana. Usiongeze.

Kiini cha yote ni airisi. Mzizi mbichi hauna la maana. Humenywa, hukaushwa na kuhifadhiwa kwa miaka, mara nyingi mitatu au zaidi, ili ironi, molekuli zinazobeba harufu hiyo, zijijenge polepole ndani yake. Ukikenekwa kwa mvuke hutoa mafuta mazito yanayoganda, ghali mno. Ndiyo maana ugunduzi wa Tiemann na Krüger mwaka 1893 ulibadili biashara nzima: ayononi, harufu ya vayoleti iliyotengenezwa maabara, iliwezesha hata poda ya bei nafuu kunukia vizuri.

Lakini airisi inaweza kuharibiwa kirahisi. Itie vanila nyingi, inageuka peremende, na marashi mengi ya poda yanayouzwa madukani yanaangukia hapo. Robert ameiegemeza kwenye ubani na manemane, kisha sandali. Ukavu wa Gold unatoka huko. Manemane ina uchungu wa dawa unaoukata utamu wa waridi na yasmini kabla haujakolea. Wasukuma, wenyeji wa huku, hawataona ugeni mkubwa: miti ya jamii ya manemane inaota kwenye nyika zao, yenye miiba na magome membamba yanayobanduka, na utomvu wake una ukali wa namna hiyohiyo.

Chini kabisa kuna ambari, miski na zabadi. Hizi hazipendi ngozi kavu iliyopigwa na upepo. Nikipaka kwanza mafuta yasiyo na harufu, poda inakaa hadi jioni. Nisipopaka, inabaki sandali peke yake. Kwenye mtandio wa pamba hali ni tofauti: baada ya siku nzima ya vumbi, ukiukung'uta, airisi inatoka safi, bila zabadi. Kwangu hapo ndipo Gold inapokuwa bora kuliko inavyokuwa mwilini.

Mahali inaposhindwa ni karibu na makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Vumbi la mawe yanayosagwa lina ukavu wake, na likikutana na poda hii koo linakereka. Geita wakati wa masika tatizo ni jingine: hewa ina unyevu, jasho linaamsha zabadi, na marashi yanakuwa mazito kwa chumba kidogo. Msimu huo napuliza mara moja tu, nyuma ya shingo, chini ya nguo.