Mkate wa Kumimina

Katika mikate ya pwani yetu, toka Lamu hata Unguja, sijaona uliopewa jina kwa haki kuliko mkate wa kumimina. Mkate wa mofa umeitwa kwa tanuri yake ya udongo, mkate wa ufuta kwa mbegu zinazoupamba uso wake, na mkate wa maji kwa wepesi wa rojo lake. Lakini huu, ambao asili yake ni mchele na tui la nazi, vitu vyenye hadhi ya kutosha kuupa jina, umeitwa kwa tendo moja la mkono wa mpishi.

Mkate wa kusukuma nao, kweli, umeitwa kwa kazi ya mkono, ila anayesukuma ana nafasi ya kujirudi: donge likilegea huliongezea unga, na duara likienda upande hulikunja akalisukuma upya. Anayemimina hana fursa hiyo. Mchele uliolala majini usiku kucha, ukasagwa kwa tui zito na iliki hata chenga isisikike baina ya vidole, ukatiwa sukari na hamira, ukaachwa uumuke, ukishaingia katika sufuria iliyopakwa samli haurekebishiki tena. Rojo likizidi uzito, mkate hutoka mgumu, likiwahiwa kabla ya kuumuka, hukosa vile vitundu vinavyoulainisha, likicheleweshwa, huchachuka.

Ndiyo maana fundi wa mkate huu huinua upawa, akaliachia rojo lishuke, akalitazama. Na asiporidhika hungoja, ijapokuwa wageni wamekwishaketi barazani. Maarifa hayo hayapimwi kwa kibaba wala ratili, kwa kuwa mchele mpya hunywa maji kidogo kuliko wa zamani, na hamira huwahi siku ya jua ikachelewa siku ya mvua. Hata moto una adabu yake: makaa ya chini kwanza, mkate ushike, kisha makaa mengi zaidi juu ya kifuniko, ili uso upate wekundu wa dhahabu na kitako kisiungue.

Siku hizi wako wanaosaga kwa mashine na kuoka kwa jiko la umeme, nami siwalaumu hata kidogo, madhali saa ya kumimina bado wanaiamua wenyewe, na mashine imewaondolea taabu ya kinu iliyowachosha mabega mama zetu.