Muziki wa michezo ya DOS: mtunzi aliusikia kwenye chombo gani?

Waliocheza michezo ya kompyuta enzi za DOS wengi wao wanaukumbuka muziki wake kwa mlio mmoja tu: mwembamba, mkavu, wa bati. Wanaamini ndivyo ulivyotungwa. Mara nyingi sivyo. Muziki uliomo kwenye diski zile ni mzuri kuliko wanavyodhani, na umekuwemo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni chombo cha kuupiga, na leo chombo hicho kinapatikana kama programu.

Tuanze na faili yenyewe. Faili ya MIDI haina sauti ndani yake, ina amri: kwenye chaneli ya 3 bonyeza noti ya 60 kwa nguvu ya 100, subiri, iachie. Kiwango hiki kilitolewa mwaka 1983, kikiwa na chaneli 16 na mwendo wa biti 31,250 kwa sekunde, ili vinanda vya kampuni mbalimbali viweze kuamrishana. Hakikusema piano iwe na sauti gani. Chukua muziki wa Ikhwani Safaa, kundi la taarab lililoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, ondoa kanuni, fidla na nai, sehemu zote zipigwe na kinanda kidogo cha betri. Noti zitabaki zile zile, lakini atakayesikia hatasema amesikia taarab. Hicho ndicho walichofanyiwa watunzi wa michezo ya DOS majumbani mwa wachezaji.

Sababu ilikuwa bei. Mwaka 1987 vilitoka vifaa viwili vilivyogawa ulimwengu huu. Kimoja ni kadi ya AdLib, yenye chipu ya Yamaha YM3812, iliyoweza kutoa sauti tisa kwa wakati mmoja, kila moja ikiundwa na mawimbi mawili tu yanayosumbuana. Cha pili ni Roland MT-32, kisanduku cha nje kilichouzwa dola 695 za Marekani kilipotoka. Kampuni ya Sierra ilipotoa King's Quest IV mwaka 1988, muziki wake, uliotungwa na William Goldstein, uliandaliwa kwa MT-32, na Sierra wenyewe wakawa wanawauzia wateja wao kisanduku hicho. Wachache walimudu. Waliobaki, pamoja na sisi tuliozikuta kompyuta hizi Afrika Mashariki zikiwa za mitumba, tulisikia kilichoweza kutolewa na kadi ya bei nafuu.

Mwaka 1991 mambo yalibadilika tena. Ulitangazwa mpango wa General MIDI uliopanga ala 128 kwa namba na kuweka ngoma kwenye chaneli ya 10, na Roland wakatoa SC-55. Kuanzia hapo mtunzi aliweza kutarajia kwamba namba ya 1 itakuwa piano kwenye kila mashine. Michezo ya katikati ya miaka ya 1990, Doom ya 1993 ikiwemo, iliingia mkondo huu.

Ninapoandikia ni Quakers Hill, kitongoji cha magharibi mwa Sydney. Jiji hili lina sehemu yake katika habari hii, ingawa wakazi wengi hawana habari nayo. Kompyuta ya CSIRAC, iliyojengwa hapa Sydney, ilipiga muziki mbele ya watu mwezi Agosti 1951. Na mwaka 1975 Peter Vogel na Kim Ryrie walianzisha hapa hapa kampuni ya Fairlight, wakaipa jina la boti ya abiria iliyokuwa ikivuka bandari ya Sydney. Mashine yao ya mwaka 1979, Fairlight CMI, ilirekodi sauti halisi, ikaihifadhi kwa tarakimu, kisha ikaipiga kwa noti yoyote kwenye kinanda. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 16 kwa kila sauti, yaani sekunde moja au chini ya hapo. Programu ya FluidSynth iliyomo kwenye kompyuta yangu inafanya kazi kwa kanuni ile ile, ila kumbukumbu imeongezeka maelfu ya mara.

Sasa kazi yenyewe. Hatua ya kwanza, ambayo wengi huiruka, ni kujua mchezo uliandikiwa chombo gani. Mtu anasikia kwamba muziki wa DOS unaweza kuboreshwa, anapakua mkusanyiko mkubwa kabisa wa sauti anaoukuta, anaufungulia mchezo wa 1989, halafu anashangaa mbona umeharibika zaidi. Umeharibika kwa sababu MT-32 ina mpangilio wake wa ala, wa kabla ya General MIDI. Namba ya 65 kwenye MT-32 ni besi ya akustika. Kwenye General MIDI, namba hiyo hiyo ni saksafoni ya soprano. Basi mstari wa besi unaoshikilia wimbo mzima unapigwa na saksafoni, chini kabisa, mahali ambapo saksafoni ya soprano haifiki hata kwa dawa. Hakuna ubora wa sampuli utakaorekebisha hilo.

Na namba za ala ndiyo nusu ndogo ya tatizo. MT-32 iliruhusu mchezo kuiandikia ala mpya kabisa kupitia ujumbe unaoitwa SysEx. Watunzi wa Sierra walitumia uhuru huo sana: mlango, upepo, king'ora cha chombo cha anga, vyote viliundwa ndani ya kisanduku kile. Fungua Space Quest III ya mwaka 1989, ambayo muziki wake ulitungwa na Bob Siebenberg, mpiga ngoma wa bendi ya Supertramp. Kabla mchezo haujaanza kuna kimya kifupi. Katika kimya hicho mchezo unamwaga ala zake ndani ya MT-32, na kwenye kioo cha herufi 20 cha kifaa unatokea ujumbe wa utani unaomtaka mchezaji atie sarafu za huko anga za juu. Kifaa cha General MIDI kikipokea ujumbe huo kinautupa, kisha kinapiga ala zake chenyewe mahali ambapo mtunzi aliweka ala zisizokuwepo popote duniani.

Kwa michezo ya aina hiyo, dawa ni Munt. Programu hii, iliyoandikwa na Dean Beeler, Jerome Fisher na Sergey Mikayev, inaiga mashine yenyewe na namna inavyotengeneza sauti. MT-32 iliunganisha vitu viwili: kipande kifupi cha sauti iliyorekodiwa kwa ajili ya mwanzo wa noti, ule mguso wa nyundo ya piano au wa upinde kwenye uzi, kisha wimbi lililotengenezwa na saketi kwa ajili ya mwendelezo wake. Vitu hivyo, vya aina zote mbili, vilikuwa 32 kwa wakati mmoja, na ala moja iliweza kula hadi vinne, kwa hiyo ala nzito zikitumika, noti nane tu zilitosha kukijaza kifaa. Mtunzi aliijua mipaka hiyo na akatunga ndani yake. Munt inaihifadhi mipaka yote.

Waandishi wake wamekwenda mbali zaidi, na hapa nawavulia kofia. Wameiga hata njia ya umeme baada ya tarakimu kugeuzwa kuwa sauti. Kifaa halisi kilifanya kazi kwa sampuli 32,000 kwa sekunde, na vichujio vyake vya kutolea sauti viliacha rangi fulani juu ya matoazi na kengele. Ndani ya mipangilio ya Munt unaweza kuchagua tarakimu tupu au mwigo kamili wa njia hiyo. Piga kengele za Space Quest III kwa namna zote mbili ukiwa umevaa vipokea sauti vizuri. Kwa tarakimu tupu ni safi kupita kiasi. Kwa mwigo kamili zinapata ung'avu unaokwaruza kidogo, na zinakaa mahali pake.

Munt haifanyi kazi bila yaliyomo kwenye kumbukumbu ya kudumu ya kifaa: faili ya kilobaiti 64 inayoongoza mashine na nyingine ya kilobaiti 512 yenye sauti. Hizo haziji pamoja na programu, kwa kuwa ni mali ya Roland. Njia isiyo na shaka ni kuzitoa kwenye kifaa unachokimiliki. Ipo pia CM-32L ya mwaka 1989, ndugu wa MT-32 mwenye kumbukumbu ya sauti maradufu na milio 33 ya ziada, ambayo baadhi ya michezo ya baadaye iliitegemea. Ukikosa nyayo au ngurumo katika mchezo wa miaka ya mwanzo ya 1990, jaribu kumbukumbu ya CM-32L kabla ya kulaumu kitu kingine.

Zamani kuunganisha haya kulichosha: DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, upande mmoja, sintesaiza upande mwingine, na kati yao programu ya tatu ya kuwapatanisha. Toleo la DOSBox Staging limeviweka Munt na FluidSynth ndani ya programu moja. Mstari wa mididevice kwenye faili ya mipangilio ukiandikwa mt32, kazi imekwisha. Ukiandikwa fluidsynth, unaonyesha tu mahali ilipo faili ya SoundFont.

SoundFont ni umbo la faili lililotoka E-mu na Creative, lenye sampuli za ala pamoja na maelekezo ya namna ya kuzipiga: mwanzo uwe wa kasi gani, sauti ififie vipi, kichujio kifunguke kiasi gani. Kwa michezo ya General MIDI hii ndiyo njia ya wengi, na ndipo tamaa ya ukubwa inapowapotosha watu. FluidR3 ina zaidi ya megabaiti 140. GeneralUser GS ya S. Christian Collins ina kama 30. Kumbukumbu ya sauti ya SC-55 yenyewe ilikuwa megabaiti 3. Pamoja na hayo, Doom niliyoisikia kwa GeneralUser GS ilisimama vizuri kuliko nilivyoisikia kwa mikusanyiko mikubwa zaidi, na sababu haina uchawi: mizani. Mtunzi anapoandika gitaa kwa nguvu ya 90 na besi kwa 110, anasikiliza kifaa fulani na kupima kwa sikio. Mkusanyiko wenye piano iliyorekodiwa kwa ustadi mkubwa lakini iliyo juu kuliko ala nyingine unaivunja mizani hiyo katika kila wimbo. Ala moja moja ni nzuri, na bendi haipo.

Kwa hiyo nikipima SoundFont mpya sisikilizi piano. Nasikiliza ngoma za chaneli ya 10 zikiwa na besi, kisha nasikiliza gitaa lenye mkwaruzo, ambalo ndilo linaloumbua mikusanyiko mingi. Baadaye narekebisha mwangwi, maana FluidSynth huongeza wake juu ya ule ambao tayari umerekodiwa ndani ya baadhi ya sampuli, na muziki unazama kisimani. Sauti kwa jumla huanzia chini kwa makusudi, kwenye 0.2, ili noti nyingi zikigongana zisipasuke. Ipandishe polepole.

Anayetaka SC-55 yenyewe, tangu mwaka 2024 ipo Nuked-SC55, inayoendesha programu ya ndani ya kifaa kwa kuiga chipu zake. Nayo inadai faili za kumbukumbu kutoka kwenye kifaa. Kwangu hii imemaliza ubishi kuhusu michezo ya General MIDI kama Munt ilivyoumaliza ule wa MT-32.

Wapo wanaouliza kwa nini tusirekodi nyimbo zote kwa ala bora kisha mchezo ucheze rekodi. Jibu linasikika kwenye Monkey Island 2 ya mwaka 1991. Michael Land na Peter McConnell walibuni mfumo wa iMUSE, ambao hupanga muziki upya wakati mchezo unaendelea. Ukitembea katika mji wa Woodtick, kila nyumba unayoingia inaukamata wimbo wa mji kwa ala zake, kwenye mapigo yanayofaa, na ukitoka unarudishwa bila mshono. Mfumo unasubiri noti fulani ifike ndipo ugeuke. Rekodi haiwezi kugeuzwa hivyo kwa wepesi. Sintesaiza inayopokea amri moja moja inaweza, kwa kuwa ndivyo mfumo ulivyoundwa.

Imebaki michezo ambayo isiguswe kabisa. Wolfenstein 3D ya 1992 ina muziki wa AdLib peke yake, ulioandikwa kama amri za moja kwa moja kwa chipu ya Yamaha. Bobby Prince aliutunga kwa ajili ya mawimbi yale mawili yanayosumbuana, na mkwaruzo wake wa chuma ndio wimbo wenyewe. Kuna watu wanaugeuza kuwa MIDI na kuupiga kwa fidla na tarumbeta. Kwa mchezo huo weka mwigo mzuri wa chipu hiyo ya Yamaha, inayojulikana kama OPL, zima FluidSynth, na usikilize besi yake ikinguruma.