Sekunde Tisa na Nusu

Seraphino Antao alizaliwa Mombasa mwaka 1937 katika familia ya Wagoa, jamii yenye asili ya pwani ya magharibi ya India ambayo, katika miji ya Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni, ilijulikana kwa ukarani, ushonaji na muziki kuliko kwa riadha. Alisoma hukohuko Mombasa, akaajiriwa katika kampuni ya kuhudumia meli na shehena, na baada ya kazi akawa akijifua katika klabu ya Achilles chini ya kocha Ray Batchelor. Mwaka 1958 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Cardiff. Miaka miwili baadaye alikuwa Roma kwenye Olimpiki. Kote huko alirudi mikono mitupu.

Miaka kama hiyo ndiyo inayosahaulika maisha ya mkimbiaji wa mbio fupi yanaposimuliwa. Shindano lake halimalizi hata nusu dakika, kwa hiyo watu hudhani kasi ni zawadi ya kuzaliwa: unayo au huna. Kumbe mwenye kasi ya kuzaliwa asiyefundishwa hufanana na mbao nzuri isiyopitishwa randa.

Ufundi wenyewe huanzia kwenye vidole vya miguu. Kabla ya vibao vya kuanzia kuruhusiwa katika miaka ya 1930 mwishoni, wakimbiaji walichimba vitundu ardhini vya kukanyagia. Jesse Owens alichimba vyake Berlin mwaka 1936 na kuondoka na medali nne za dhahabu. Mtoto wa shule ya msingi ya Kibondo au Kasulu, magharibi mwa Tanzania, anayekita kidole gumba kwenye udongo mwekundu, akitafuta pa kujisukumia kabla filimbi haijalia, anafanya lilelile bila kufundishwa na mtu. Kinachohitaji mwalimu ni kinachofuata: kuinamisha kichwa, kuisukuma ardhi nyuma kwa mita 30 hivi, na kujizuia kuinuka mapema. Anayeinuka mapema huanza kukanyaga mbele ya mwili wake, na kila hatua inakuwa breki. Kati ya mita ya 50 na ya 70 kasi hufika kileleni, unyayo ukigusa ardhi kwa muda usiotimia sehemu ya kumi ya sekunde. Halafu huja jambo ambalo watazamaji wengi hawaliamini: kila mkimbiaji, hata bingwa wa dunia, anapungua kasi. Yule anayeonekana kuchomoka karibu na utepe amepungua kidogo tu kuliko wenzake. Siri yake iko kwenye taya na mabega. Uso uliokunjamana, ngumi zilizokazwa na shingo iliyokakamaa hula nguvu bila kusogeza mwili hata inchi moja, ndiyo maana bingwa hukimbia mashavu yakimtikisika. Kulegea katikati ya juhudi kubwa namna hiyo ni kazi ngumu, na haifundishiki kwa wiki mbili za kambi kabla ya mashindano.

Antao alikuwa ameijua kazi hiyo alipofika Perth, Australia, Novemba 1962, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika katika joto kali. Mwaka huohuo alikuwa ameshinda Uingereza, yadi 100 na yadi 220, katika mashindano ya ubingwa yaliyokuwa wazi kwa wageni. Perth alimkuta Harry Jerome wa Kanada, mmoja wa walioshikilia rekodi ya dunia. Katika fainali ya yadi 100 Jerome aliumia msuli wa paja, na Antao akashinda kwa sekunde 9.5, Tom Robinson wa Bahamas akiwa wa pili. Aliyetaka kusema ni bahati alikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi hiyo ilifungwa Antao aliposhinda pia yadi 220 kwa sekunde 21.1. Hizo zilikuwa dhahabu za kwanza za Kenya katika michezo hiyo, na zililetwa na mtu wa pwani, kwa mbio fupi, kabla sifa ya nyanda za juu na mbio ndefu haijaenea duniani.

Oktoba 1964, mjini Tokyo, alibeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya kwanza ya nchi hiyo ikiwa huru. Hakufika fainali. Medali ya nchi ililetwa na Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800, na tangu hapo macho yote yakahamia kwenye mbio za kati na ndefu. Antao alistaafu, akahamia Uingereza, na akafariki London Septemba 2011. Dhahabu ya mbio fupi kuliko zote za wanaume katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ilirudi Kenya Agosti 2022 mjini Birmingham, Ferdinand Omanyala aliposhinda mita 100 kwa sekunde 10.02. Mwaka mmoja kabla yake Omanyala alikuwa amekimbia 9.77 katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, rekodi ya Afrika.

Kasarani uko yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo linazihusu Kibondo na Kasulu moja kwa moja. Hewa nyepesi humchosha mkimbiaji wa mbio ndefu, lakini humpunguzia wa mbio fupi ukinzani wa upepo. Ndiyo sababu watunza takwimu huweka alama maalumu kwenye muda uliopatikana juu ya mita 1,000, na miji hiyo miwili yote imepita kimo hicho. Hata hivyo, medali mbili za Olimpiki za Tanzania, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui mwaka 1980, ni za mbio ndefu. Mchakamchaka wa alfajiri na njia za milimani kwenda shule hujenga pumzi bila kocha. Kasi haijengwi hivyo.

Mwalimu wa michezo wa Kasulu anayetaka kumpima mtoto kwa kipimo cha Antao apime mita 91 na sentimita 44 kwenye ardhi iliyonyooka, achore mistari kwa majivu, kisha asimame mwisho na saa yake. Aianzishe anapouona mkono wa mwanzishaji ukishuka. Asisubiri sauti ya filimbi, kwa sababu kwa umbali huo sauti huchelewa zaidi ya robo ya sekunde.