Nakala Juu ya Sofa

Ukipanga nyumba ya wikendi Nanyuki siku hizi, usishangae ukilala chini ya Van Gogh. Zamani juu ya sofa palikuwa na Karamu ya Mwisho, picha ya harusi na kalenda ya agrovet. Sasa ni Usiku wa Nyota, umechorwa kwa mkono, mara nyingi na kijana wa hapa hapa: Nyeri, Karatina, Nanyuki. Mimi sina shida na hilo. Shida yangu ni kwamba nakala nyingi ni mbaya, na hatusemi, ati kwa sababu vijana wanajitafutia.

Chukua Mayowe ya Edvard Munch ya 1893, yule mtu wa darajani mwenye mdomo wazi. Mchoro wenyewe hauko kwenye kanvasi. Uko kwenye kadibodi, na kuna mahali Munch hakujaza rangi, kadibodi iko uchi. Kuna hata nta ya mshumaa iliyodondoka juu yake. Pale juu, kwenye wekundu wa anga, aliandika kwa penseli kwamba ni mwendawazimu tu angeweza kuchora kitu kama hiki. Nakala nilizoona Nyeri zimejaza kila pengo, na anga imepakwa sawasawa kama ukuta wa benki. Mtu anapiga mayowe ndani ya nyumba iliyopigwa deki.

Sababu haijifichi: mchoraji ananakili simu. Mteja anatuma picha WhatsApp, jamaa anaigawa miraba, anahamisha mraba mmoja mmoja. Simu inakupa umbo na rangi (tena rangi ya kioo cha simu), haikupi unene. Na kwa maekspreshonisti, na Van Gogh aliyewatangulia, unene ndio habari yenyewe. Usiku wa Nyota una upana wa sentimita 92 hivi, mdogo kuliko televisheni za watu wengi, lakini rangi imelundikwa hadi unaona mkono ulipopita. Sisi tunaupanua ujaze ukuta, kisha tunaulainisha. Hapo si afadhali ununue bango lililochapwa?

Kuna mtu aliyekataa mambo haya kitambo. Elimo Njau, mtoto wa Marangu, wa mlima ule mwingine, alichora michoro mitano kwenye kuta za kanisa la ukumbusho la Murang'a, ambalo leo ni kathedrali ya Anglikana, kati ya 1956 na 1959. Kanisa lilijengwa kukumbuka Wakristo waliouawa miaka ya Mau Mau. Hebu fikiria uzito wa kazi hiyo, wakati huo, mahali hapo, vidonda bado vibichi. Angeweza kuwapa Yesu wa kalenda. Aliwapa Yesu mweusi, anayezaliwa na kusulubiwa kwenye matuta ya Murang'a yenyewe. Baadaye, Paa ya Paa aliyoanzisha Nairobi 1965 ilijulikana kwa fundisho lake kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi.

Namheshimu mzee, lakini namkubali nusu. Van Gogh mwenyewe, akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili Saint-Rémy, alinakili michoro ya Millet karibu ishirini, mingi kutoka kwa picha zisizo na rangi. Rangi akaweka zake, na akamweleza nduguye Theo kwamba ni kama mwanamuziki anayepiga kazi ya mtunzi mwingine. Nao vijana wa kundi la Die Brücke, lililoanza Dresden 1905, walikuwa wakienda makumbusho ya mji huo kutazama vinyago vya Afrika na nakshi za visiwa vya Pasifiki, wakarudi studio na walichokiona. Kwa hivyo ukimwambia msee wa Nyeri anaiga Ulaya, kwanza uliza nani alianza kuiga nani.

Kuna nakala mbili nilizoziona ambazo hazijanitoka kichwani. Ya kwanza imebadilisha vilima vya Saint-Rémy ikaweka Batian na Nelion. Wageni wanaipenda sana, mimi imenichosha. Hiyo ni kubadilisha nambari ya gari tu, gari ni lile lile. Ya pili iko kwenye mkahawa wa chipo Karatina. Inaonekana brashi ziliisha, jamaa akapaka kwa kisu. Nyota zimetokeza kama ugali uliomwagika kwenye jiko, mnara wa kanisa umepinda, na buluu si ile kabisa. Nilikaa nayo hadi chai ikapoa. Kuna mtu alihangaika pale.

Kisheria hakuna kesi. Kenya inalinda mchoro maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Van Gogh alikufa 1890, Munch 1944. Kazi za Njau bado zinalindwa, lakini hata kuziulizia hakuna anayeuliza. Mchoraji mmoja mjini Nyeri aliniambia tangu aanze hajawahi kuombwa kitu cha Mkenya isipokuwa ndovu na Mmaasai. Nilimuuliza kama amewahi kuingia kanisa lile la Murang'a. "Bado, brathe. Ni kitu kama saa moja na nusu na matatu, sindio?" Alikuwa na Usiku wa Nyota mbili za kumaliza kabla ya Ijumaa.