Kimya Kingi Kina Mshindo: Uhakiki wa Maktaba Tatu za Picha za Python

Ukitaka kuijua tabia ya maktaba ya programu, usiipime siku mambo yanapokwenda vizuri. Ipe jina la faili ambalo halipo, halafu tazama inafanya nini. Leo tunazipima hivyo maktaba tatu ambazo karibu kila mwanafunzi wa Python anayeshughulika na picha hukutana nazo: Pillow, OpenCV na Matplotlib. Mafunzo mengi huzisifu kwa yale zinayoweza kufanya. Sisi tunauliza swali jingine: zikishindwa, zinakwambia?

Tuchukue kazi moja ili tusiongee hewani. Mwaka 2020 mtandao wa Kaggle uliendesha mashindano ya kutambua magonjwa ya muhogo kwa kutumia picha 21,367 za majani kutoka Uganda. Nyingi kati ya hizo zilipigwa na wakulima wenyewe shambani. Kulikuwa na makundi matano: magonjwa manne, yakiwamo batobato na michirizi kahawia, na kundi la mimea yenye afya. Sasa tuseme nawe una folda ya picha za namna hiyo, na unataka kompyuta ikutofautishie jani lenye batobato na jani zima.

Pillow: husema, ila wakati mwingine huchelewa

Iambie Pillow ifungue faili lisilokuwepo. Programu inasimama palepale, kwenye mstari uleule wa Image.open, na jina la faili linatajwa. Ujumbe ni mfupi, lakini unakutosha kuanza kutafuta. Pengine umeandika jani.jpg wakati faili linaitwa Jani.jpg, na Linux haichukulii herufi kubwa na ndogo kuwa kitu kimoja. Pengine Windows imekuficha herufi za mwisho, kumbe faili ni jani.jpg.jpg. Au unaendesha programu ukiwa kwenye folda nyingine, na Python inatafuta picha hapo ulipo wewe, si pale ulipohifadhi programu.

Kuna na mtego unaotunasa sana sisi waandishi wa Kiswahili. Kwenye Windows ukiandika "picha\nyumba.jpg", Python inaisoma ile \n kama amri ya kuanza mstari mpya. "picha\tunda.jpg" nayo inapata nafasi ya tabo katikati. Na majina yetu yanayoanza na n au t, si unajua yalivyo mengi! Weka herufi r kabla ya alama za kunukuu, au tumia mkwaju wa kawaida (/), na tatizo linaisha.

Kasoro ya Pillow ni uvivu wake wa makusudi. Image.open husoma maelezo ya mwanzo wa faili tu. Pikseli zenyewe husubiri mpaka zihitajike. Picha iliyokatika katikati wakati wa kupakuliwa inaweza kupita hapo bila neno, kisha programu ikaanguka mbele kabisa, kwenye mstari wa kubadilisha ukubwa. Ukiwa na picha elfu kadhaa, unaweza kukwama baada ya saa nzima ya kusubiri. Dawa ni kuita load() mara tu unapofungua. Hata hivyo tuipe haki yake: inachelewa kusema, lakini inasema.

OpenCV: bingwa mwenye kimya

OpenCV ilianzia Intel mwaka 1999, na kwa kasi na wingi wa zana ni vigumu kuipita. Lakini ipe cv2.imread jina la faili lisilokuwepo. Haisimami. Inakurudishia None, yaani hakuna kitu, na programu inaendelea kana kwamba mambo ni shwari. Matoleo ya karibuni huandika onyo kwenye terminali, ila onyo halisimamishi kazi, na katikati ya mistari mia ya maandishi nani ataliona?

Kishindo kinakuja mbele. cvtColor inalalamika kwa ujumbe wenye namba -215 na maneno !_src.empty(), au Python inakwambia NoneType haina shape. Mwanafunzi anaanza kuichunguza cvtColor. Anasoma kuhusu rangi, anafuta maktaba, anaisakinisha upya. Jioni inaisha, na kosa liko mistari mitatu juu, kwenye jina la faili.

Wanaoitetea wana hoja. Maktaba hii ililelewa kwenye C na C++, ambako kurudisha kitu kitupu ni desturi, na ni juu ya mwandishi wa programu kukagua alichopokea. Sawa. Lakini ndani ya Python desturi ni kusimama na kutaja kosa. Mgeni aliyehamia nyumba ya watu hujifunza adabu za nyumba ile. Na kwa kuwa wengi wanaoanza na OpenCV leo wanaianza kupitia Python, gharama ya desturi hiyo ya zamani inalipwa na asiyejua kabisa kwamba ipo.

Matplotlib: kioo kinachopamba

Matplotlib ilianzishwa na John D. Hunter mwaka 2003 kwa ajili ya kuchora data, na data ndiyo inayoiona hata ukiipa picha. Ipe picha ya kijivu: imshow inaipaka zambarau, kijani na manjano, rangi za viridis, ambayo ndiyo ya kawaida tangu toleo la 2.0. Halafu inavuta thamani: pikseli yenye giza kuliko zote inapewa rangi ya chini kabisa, yenye mwanga kuliko zote inapewa ya juu kabisa. Picha iliyopigwa magharibi na iliyopigwa saa sita mchana zinaweza kuonekana zina mwanga sawa. Bila cmap='gray', vmin=0 na vmax=255, unachotazama si picha yako ilivyo.

Kosa lisilo na ujumbe wowote

Mpaka hapa tumesema makosa ambayo mwisho wa siku hujitokeza. La hatari zaidi halijitokezi. Pillow hupanga rangi nyekundu, kijani, bluu. OpenCV huanza na bluu na kumaliza na nyekundu. Tuseme umeifundisha modeli yako kwa picha zilizosomwa na Pillow, kisha kwenye programu ya mkulima ukasoma kwa OpenCV bila kugeuza. Hakuna kitakachoanguka. Ukikagua kwa cv2.imshow utaona rangi sahihi kabisa, kwa sababu nayo inafuata mpangilio uleule wa OpenCV. Jicho lako linaona jani, modeli inaona kitu kingine.

Sasa fikiria jani lenyewe. Kijani kipo katikati ya mpangilio, kwa hiyo ukibadilishana nyekundu na bluu, kijani kinabaki karibu kilekile. Lakini manjano ni nyekundu pamoja na kijani. Ukiigeuza inakuwa bluu-kijani. Yaani jani zima litabaki kama lilivyo, na mabaka ya njano ya batobato, ambayo ndiyo uliyokuwa unayatafuta, ndiyo yatakayoharibika. Mkulima ataambiwa jambo lisilo kweli, na programu haitakuwa imetoa kosa hata moja.

Mwelekeo wa picha nao ni hivyohivyo. Simu huhifadhi picha ikiwa imelala na kuandika pembeni "igeuze". Kwa kawaida imread huitii alama hiyo, Pillow haiitii mpaka uite ImageOps.exif_transpose. Faili moja, picha mbili tofauti.

Hukumu

Kwa kuanzia kujifunza, tunaiweka Pillow mbele kwa sababu inakubali kushindwa waziwazi. OpenCV itumie, ila usiache imread ipite bila kukagua None na kusimamisha programu mwenyewe. Matplotlib itumie kuonyesha, isiwe shahidi wako pekee. Chapisha pia shape, dtype, thamani ya chini na ya juu, na pikseli moja ambayo rangi yake unaijua.

Lawama kubwa zaidi tunawapa wanaofundisha "kurekebisha" kwa kuirukia picha isiyosomeka, eti programu isisimame. Huko ni kuizima kengele na kuuacha moto. Mwisho wa kazi, hesabu mafaili yaliyomo kwenye folda na picha zilizosomwa. Folda ikiwa na 500 na zilizosomwa ni 487, anza na hizo 13.