Mbuzi ya Nazi Haiendi Mezani

Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu iliyo mfukoni mwako inafuata mfumo mwingine, WGS 84. Ukihamisha tarakimu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kuzigeuza, kisima husogea karibu mita 300, kikatoka kwa jirani kikaingia shambani kwako. Kazi ya kugeuza hufanywa na PROJ, maktaba ya programu ambayo wachora ramani wa Python huitegemea hata pasipo kuijua jina. Mara ya kwanza nilipoihitaji niliitafuta, nikaisakinisha, nikaiita. Ikanijibu kwamba haioni proj.db.

Hiyo proj.db ni hifadhidata yenye ufafanuzi wa maelfu ya mifumo ya vipimo, Arc 1960 ikiwamo. Ilikuwamo ndani ya kompyuta yangu, ila katika folda ambayo hakuna aliyeiambia maktaba ikachungulie. Jioni nzima ikaishia hapo. Kesho yake rafiki akaniambia nifute kila kitu, nichukue kifurushi kilekile kutoka conda-forge, hazina ya vifurushi vinavyosakinishwa kwa programu iitwayo conda. Nikaandika mstari mmoja, bando likaliwa, na kisima kikarudi kwa mwenyewe.

Nilitaka kujua ni nani aliyenitangulia kwenye shida yangu. Nikafungua faili la maelekezo ya kujenga kifurushi, ambalo wenyewe huliita mapishi. Pembeni yake palikuwa na hati fupi inayoitajia maktaba mahali ilipo proj.db kila mazingira ya conda, yaani folda yenye vifurushi vyake peke yake, yanapowashwa. Mistari michache tu, na jioni yangu yote ilikuwa mle.

Mwandishi wa programu hufanana na bibi anayekufundisha pilau: tia chumvi kiasi, tia bizari kiasi. Hakufichi kitu. Mkono wake unakijua hicho kiasi, basi haoni la kueleza. Mfunga vifurushi ndiye anayekaa jikoni na kalamu, akiandika yale ambayo mpishi hakuyasema kwa kuwa hajui kama anayajua. Hiyo ndiyo sanaa ninayoisifu hapa, na naiona ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kusoma kilichoandikwa ni jambo moja, na kusoma kilichonyamaziwa ni jingine.

Mapishi yenyewe hugawa mahitaji katika orodha tatu: vya kujengea, kama vile kompaila ya C au Fortran, vya kuunganishwa navyo, na vinavyotakiwa siku ya kutumia. Anayeanza huzichanganya zote. Fikiria mbuzi ya kukunia nazi. Bila mbuzi hakuna tui, lakini haiendi mezani pamoja na wali. Ukiisahau jikoni, mapishi yanakwama; ukimpakulia mgeni, umembebesha chuma. Mfungaji hodari huuliza swali hilo kwa kila jina, kisha hujenga kwenye mazingira mapya yasiyo na mazoea ya mtu yeyote, ili aliyesahauliwa apige kelele mapema.

Kuna hila moja niliyoigundua nikacheka peke yangu. Msimbo ukishageuzwa kuwa lugha ya mashine, mara nyingi hubaki na anwani ya folda ulimojengwa. Kwangu folda hiyo haipo, na nafasi ya anwani ndani ya faili haiwezi kurefushwa. Basi kwenye Linux na macOS, conda hujengea katika folda yenye njia ndefu kupita kiasi, herufi 255, neno moja likirudiwarudiwa bila haya. Kifurushi kikifika kwangu, njia yangu fupi huandikwa juu yake na nafasi inayosalia hujazwa sufuri. Fundi cherehani anayeacha kitambaa ndani ya pindo, akijua mtoto atarefuka, angeielewa hesabu hiyo upesi kuliko wahandisi wengi.

Zamani mzigo huu ulibebwa na watu wachache. Watumiaji wa Windows wanamkumbuka Christoph Gohlke, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, ambaye kwa miaka mingi, hadi 2022, alijenga mamia ya maktaba za sayansi na kumwachia yeyote azichukue, chini ya kichwa kilichosema wazi kwamba si vifurushi rasmi. Nani atahesabu tasnifu zilizokamilika kwa hisani ya visivyo rasmi vile?

Conda-forge ilianza 2015, pale wataalamu wa hali ya hewa na wa bahari walipochoka kujenga vitu vilevile, kila kundi kivyake, halafu vikagombana vikikutanishwa. Jina lake lina karakana ya mhunzi ndani, na leo karakana hiyo ina mapishi zaidi ya 20,000. Mhunzi wa kijijini akishafua panga, limekwisha. Hapa panga hufuliwa upya kila chuma cha jirani kinapobadilika. NumPy 2.0, maktaba ya hesabu ya Python, ilipotoka Juni 2024, toleo kuu la kwanza tangu lile la 2006, vifurushi vilivyojengwa juu ya NumPy ya zamani vilibidi virudi motoni kimoja kimoja. Roboti hufungua maombi ya mabadiliko. Ila jaribio likifeli kwenye Windows peke yake, ni binadamu anayekaa, akasoma, akashona kiraka.

Sisemi karakana haina moshi. Kuna miaka conda ilitafakari muda wa kuivisha maharage kabla ya kuamua toleo lipi liende na lipi; nafuu ilikuja 2023, ilipofanya injini ya mradi wa mamba kuwa yake ya kawaida.

Siku hizi nikichukua kifurushi nina desturi ya kusoma mapishi yake hadi chini. Juu kuna jina na toleo, kisha chanzo pamoja na alama yake ya tarakimu na herufi 64, lakiri ya kuthibitisha kwamba bahasha haikufunguliwa njiani. Zinafuata zile orodha, majaribio, leseni. Majina ya wanaokitunza huja mwisho kabisa, katika sehemu ambayo kichwa chake, kwa Kiswahili, ni "ziada".